Msingi Kando ya Laga

Nilipoajiriwa katika ofisi ya mipango hapa Isiolo, nilidhani kazi yangu itakuwa kuchora. Nilikuwa nimesomea upangaji wa miji, na kichwani nilijiona nimeinama juu ya ramani kubwa, nikiamua barabara ipite wapi na soko likae wapi. Mkuu wetu wa ofisi, mzee Mturkana aliyekuwa akikaribia kustaafu, alinisikiliza nikimweleza hayo siku yangu ya kwanza, kisha akatabasamu.

"Kuchora tulishachora," akaniambia. "Mpango ulipitishwa, uko hapo kabatini. Wewe nataka unisaidie kujua mpango huo unafanya nini huko nje."

"Unafanya nini kivipi, mzee?"

"Tuliandika kwamba mji ukue kuelekea huku, mifugo ipite kule, na kando ya mikondo ya laga kusijengwe. Je, ndivyo ilivyo? Na pale ilipokuwa hivyo, watu wamefaidika ama wameumia? Hakuna mtu anayekwenda kuangalia. Mimi nataka mtu wa kuangalia."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Kila mwaka, mvua zikishaisha, nilizunguka sehemu zilezile: soko la mifugo, njia ya ng'ombe na ngamia, machimbo ya mawe, mitaa mipya inayochipuka kila upande. Nilipiga picha nikiwa nimesimama mahali nilipokuwa nimesimama mwaka uliopita, nikaongea na watu waliokuwa karibu. Baadaye mzunguko ulinifikisha mbali zaidi. Rapsu nilikwenda kuangalia jinsi mashamba ya umwagiliaji yanavyosogelea miti ya mtoni, na Sericho nilikwenda kuona jinsi watu wanavyohamia karibu na kisima kipya mpaka nyasi za karibu zikaisha kabisa. Wenzangu wengine ofisini waliiona kazi ya kuchosha, kazi ya jua na vumbi. Mimi niliipenda mapema kuliko nilivyotarajia.

Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu mvua haibembelezwi, na shamba la babangu ni kijani mwaka mzima. Nilishuka Isiolo nikiwa simjui mtu, nikapata chumba mtaa wa Kiwanjani, katika ua wa mama mmoja Mborana aliyekuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ambayo ungeisikia ukiwa bado barabarani. Siku za soko aliondoka alfajiri akiwa amejifunga buibui yake vizuri, na akirudi ulijua kama biashara ilikuwa nzuri kwa jinsi alivyofungua lango. Madalali wa mbuzi walimheshimu, na wengine walimwogopa.

Mwezi wangu wa kwanza nilishikwa na malaria. Nilikuwa nimejifungia chumbani, natetemeka, nikidhani itapita yenyewe. Aligonga mlango, na nilipokosa kuitika aliusukuma akaingia.

"Intala," akasema, ambalo ni neno la Kiborana la kumwita msichana, "umelala hapa tangu jana na hukuniambia?"

"Sikutaka kukusumbua, mama."

"Mtoto wa watu ataugua ndani ya boma langu, mimi nauza mbuzi sokoni kama vile sijui? Amka."

Alinipeleka hospitali kwa tuktuk, akanisubiri, akanirudisha. Kwa siku nyingi baada ya hapo aliniletea supu ya mbuzi asubuhi na uji jioni, na nilipopata nguvu akanipikia nyirinyiri, nyama ile iliyokaangwa ikakauka, ambayo mpaka leo nikiionja naona kama nimepona kitu. Mama yangu mzazi alimpigia simu kumshukuru. Waliongea Kiswahili cha kuvunjikavunjika pande zote mbili, wakacheka sana, na tangu siku hiyo wakawa wakijuliana hali bila kupitia kwangu.

Nyuma ya ua wetu ilipita laga. Sisi huku huita hivyo mkondo wa mto wa msimu: karibu mwaka mzima ni mchanga mkavu tu, na migunga michache pembeni. Mpango wa mji ulikuwa umeacha ukanda kila upande wa laga hiyo, upana wa barabara mbili hivi, na kuandika kwamba ndani yake hakuna ruhusa ya kujenga wala kuchunga. Watu wa upimaji walikuwa wamekuja mwaka mmoja kabla yangu wakapanda bikoni za saruji kuonyesha mpaka.

Mwaka wangu wa tatu wa kuzunguka, nilitoka asubuhi na kamera kuanza na laga hiyo kwa sababu ilikuwa karibu. Nikamkuta fundi na vijana wake wanachimba. Msingi wa vyumba vinne ulikuwa umeshaonekana, mawe yamerundikwa, na bikoni ilikuwa nyuma yao, upande wa nyumbani. Walikuwa wameivuka kabisa.

"Hii ni ya nani?" nikamuuliza fundi.

Akanishangaa. "Si ni ya mama mwenye nyumba wako? Hajakuambia?"

Nilisimama pale na kamera mkononi. Sikupiga picha. Nilipita sehemu nyingine zote siku hiyo, hata zile za mbali, na jioni nikajua kwamba nilikuwa nikiikwepa moja tu.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wetu nikamwomba ampe mtu mwingine eneo la Kiwanjani. Nilimweleza sababu bila kuficha. Aliweka kalamu chini.

"Naweza kumpa mwingine," akasema. "Lakini huyo mwingine naye ana shangazi yake mtaa wa pili, na shangazi naye anajenga. Mji huu ni mdogo, binti yangu. Kila anayejenga mahali pasipofaa ni mama wa mtu."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwambie kabla hujaandika. Asiisikie kutoka kwa askari wa kaunti. Aisikie kwako, mkiwa mmekaa chini."

Nilingoja jioni, alipomaliza swala ya Magharibi. Alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, ananyoosha miguu baada ya siku ya soko. Nilikaa karibu naye nikamwambia kwamba msingi wake umeingia ndani ya ukanda wa laga, na kwamba itanibidi kuuripoti.

Aliikunja miguu yake. Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake. Binti yake mkubwa alikuwa Nairobi, ndoa yake imevunjika, na watoto anao. Mama alitaka arudi. Lakini binti alikataa kurudi kulala chumba kimoja na mama yake.

"Na ana haki," akasema. "Mtu mzima na watoto wake hawezi kulala sebuleni kama mgeni. Nilitaka awe na mlango wake. Ploti yangu imejaa. Kule nyuma kuna nini? Takataka na miiba ya mathenge. Nani anapatumia?"

"Maji, mama. Mvua ikinyesha sana."

"Mimi nimeishi hapa kabla hujazaliwa. Maji nayajua." Akanitazama. "Kwa hiyo utaniandika."

"Nitaandika msingi. Sitakuandika wewe."

"Msingi una mwenyewe," akasema, akainuka, akaingia ndani.

Ripoti niliandika. Notisi ya kusimamisha ujenzi ilibandikwa, mafundi wakaondoka. Mama hakunifukuza, wala hakunitukana. Alijibu salamu zangu, akapokea kodi, basi. Nilikuwa nimezoea sauti yake ikiniita kutoka jikoni kila asubuhi, na sasa ua ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wakichakura. Mama yangu alinipigia simu akauliza kumetokea nini, maana rafiki yake siku hizi anajibu kwa maneno mawili. Jumapili kanisani nilishindwa kuimba. Niliwaza kuhama, nikaenda hata kuangalia chumba mtaa mwingine, nikarudi bila kukichukua.

Katika majuma hayo, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuongea naye nyumbani, nilikaa sana ofisini. Nikaanza kuzipanga picha zote za ukanda ule, zangu na zile za zamani zilizoachwa na waliopima, moja baada ya nyingine kwenye kompyuta. Nilitarajia kuona nyumba zikiusogelea kidogo kidogo. Nilichokiona kilikuwa tofauti. Katika picha za zamani, kabla ya bikoni, kulikuwa na mbuzi wakipumzika chini ya migunga, akina mama wakikata nyasi, njia za miguu zikikatiza mchanga. Baada ya bikoni, watu walikatazwa kuchunga pale, nao wakaacha. Mwaka uliofuata mifuko ya plastiki ilikuwa imeanza kurundikana. Mwaka uliofuata tena, mathenge, ule mti wa miiba unaosambaa kama moto, ulikuwa umefunika ukingo mzima. Nyumba na kuta zilikuja mwisho kabisa, baada ya pahali pale kuonekana hapana mwenyewe.

Nilimpelekea mkuu wetu kompyuta yenyewe. Alizitazama picha, akarudia, akavua miwani.

"Hicho kifungu cha kukataza niliandika mimi," akasema.

Nilinyoosha mkono kutaka kuifunga kompyuta.

"Usiogope. Ndiyo sababu nilitaka mtu wa kuangalia." Akairudisha miwani. "Sheria yetu ilizuia nyumba sehemu nyingi, hilo ni jema. Lakini pia ilifukuza watu waliokuwa wakipatunza. Tuitishe baraza tuwaambie hivyo hivyo."

Nimefanya kazi na watu wengine tangu wakati huo, na najua sasa jinsi mkubwa wa aina hiyo alivyo adimu. Angeweza kuniambia nizifute picha. Badala yake alinipa nafasi ya kuzionyesha mbele ya watu wote, na yeye akiwa ameketi hapo.

Baraza lilifanyika asubuhi katika ukumbi wa shule. Mama mwenye nyumba wangu alikuja na kundi la wanawake wa soko la mbuzi, wakajaza viti vya mbele. Hakungoja sana apewe nafasi.

"Salaam aleikum," akasema, na ukumbi ukaitikia. "Mimi ndiye yule mwenye msingi. Sijifichi. Lakini nauliza ofisi. Mlikuja mkapanda mawe yenu, mkaenda. Mkatuambia tusijenge, tusichunge, tusikate nyasi. Mkaandika yote tusiyofanya pale. Tutakayofanya mliandika wapi?"

Watu walipiga makofi. Mkuu wetu akanitazama, akanipa ishara nisimame. Nilionyesha picha kwenye ukuta, mwaka baada ya mwaka, nikasema waziwazi kwamba ukanda ule umeharibika tangu tulipoulinda, na kwamba jinsi tulivyoulinda ilichangia. Kisha nikasema pia kile ambacho sikuweza kukiacha: kwamba sehemu ambazo kuta zimeingia, mkondo umebanwa, na maji yakija kwa nguvu yatatafuta njia kupitia nyumba za watu.

Nilipokuwa nasema hivyo sikumtazama mama. Nilipomtazama, alikuwa ameinama mbele, anaangalia picha ya mbuzi chini ya mgunga.

"Huyo mweupe ni wangu," akasema kwa sauti, na ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu macho yetu yakakutana.

Mazungumzo yalichukua mpaka mchana. Hayakuwa matamu yote. Jirani mmoja wa ng'ambo ya laga, ambaye ukuta wake ulikuwa umeingia ndani kuliko hata ule msingi, alisema hataubomoa, akatoka akiwa amekasirika. Lakini wengi walikubaliana kwamba wanawake wa soko wausafishe ukanda, wang'oe mathenge, wapande nyasi, na mbuzi wanaongoja siku ya soko wapumzishwe pale. Ofisi nayo ingebadilisha kifungu chake na kuandika matumizi hayo ndani ya mpango, ili asije mtu mwingine akawafukuza tena.

Mwishoni mama akauliza, "Na msingi wangu?"

Mkuu wetu akasimama. "Msingi unatoka, mama. Hapo siwezi kukudanganya. Lakini ndani ya ploti yako unaruhusiwa kupanda ghorofa moja. Hata kama uko karibu na uwanja wa ndege, pasiporuhusiwa majengo marefu, moja inaruhusiwa. Iko kwenye mpango tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Sisi ndio hatukuja kukuambia."

Aligeuka akanitazama. "Na wewe unalala kwangu miaka yote hii!"

"Hukuniuliza, mama," nikasema. "Na mimi sikujua unataka kujenga."

Akatikisa kichwa. Sikuweza kujua kama bado ana hasira.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafua nguo niliposikia mlio wa mkokoteni ukiingia uani. Mawe ya msingi yalikuwa yanarudishwa nyumbani, yakimwagwa karibu na ukuta wa jikoni. Fundi yuleyule alikuwa amekuja na ngazi. Mama akatoka ndani, amefunga leso kiunoni, ana futi ya kupimia mkononi.

"Intala," akaita kwa sauti yake ya siku zote. "Acha hizo nguo. Njoo unishikie upande huu. Leo sitaki mtu aniambie nimevuka hata kidole."

Nilikwenda na mikono ya sabuni. Tulipima kutoka bikoni mpaka ukutani, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, fundi akiandika namba kwenye mlango kwa chaki. Hatukuongea habari za notisi, wala hatujawahi kuziongea mpaka leo. Mchana alipika, akaniwekea sahani yangu pale pale ilipokuwa ikikaa.

Ukanda ulichukua muda. Kung'oa mathenge si kazi ya siku moja, na mizizi yake hurudi usipoifuatilia. Wanawake walikuja kwa zamu, na mimi nilijiunga nao Jumamosi ambazo sikuwa na kazi, nikapata malengelenge na miiba na vichekesho vingi kuhusu watu wa milimani wasiojua kushika panga la miiba. Nyasi zilipotoka, mbuzi wakarudi.

Kisha ulikuja msimu wa mvua kubwa. Kwetu Isiolo palikuwa na mawingu tu alasiri hiyo, lakini juu mlimani, upande wa nyumbani kwetu, ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tulisikia kwanza, mngurumo kama wa malori mengi, halafu laga ikajaa maji ya udongo yenye matawi na povu. Tulisimama uani tukiangalia. Yalipanda, yakaingia kwenye nyasi, yakatandaa mapana na kupunguza kasi, yakapita yakiacha tope. Pale msingi ulipokuwa yalifika kiunoni mwa mtu.

Ng'ambo haikuwa hivyo. Ukuta wa yule jirani uliyapinda maji, yakaingia kwake na kwa wenziwe wawili. Mama hakusema neno lolote kuhusu nani alionywa. Yalipopungua kiasi cha kuvukika, aliinua buibui yake akavuka na wanawake wenzake, na mimi nyuma yao, tukatoa magodoro, vyombo na watoto, tukawalaza kwetu wote walioenea. Namshukuru Mungu hakuna aliyepotea. Baada ya wiki mbili tatu jirani alibomoa sehemu ya ukuta kwa mikono yake mwenyewe. Nilipopita na kamera akaniambia, "Piga picha vizuri, ionekane nimebomoa," nikampiga picha akiwa na nyundo begani.

Mkuu wetu alistaafu akarudi kwao Turkana. Mimi bado nazunguka. Si kila mahali pameisha vizuri. Kuna machimbo yanayonikosesha raha, na kule Rapsu wakulima na wafugaji bado wanavutana kuhusu njia ya mifugo kufika mtoni. Lakini siku hizi nikifika mahali, siulizi tu kama sheria imefuatwa. Nauliza pia imewafanyia nini. Swali hilo nilipewa na watu wawili, mmoja ofisini na mmoja sokoni, na nikikumbuka jinsi nilivyokuja hapa nikiota kuchora ramani, nawashukuru wote wawili.

Ghorofa ilikamilika mwaka jana. Binti alifika na basi la asubuhi kutoka Nairobi, na watoto wake na mabegi, akapanda ngazi polepole akigusa ukuta kana kwamba haamini. Mama yake alikuwa amesimama chini, anatoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Watoto walikuwa wameshakimbilia juu. Chumba changu kiko chini kabisa ya chao, na tangu wafike dari yangu haitulii. Wanakimbia kutoka mlangoni mpaka dirishani, wanaruka, wanagombana, wanaanza tena. Mama huniuliza kama wananisumbua, kama atawakanya. Mimi humwambia awaache.